Bao la Kichwa

"Bao lilikuwa la kichwa, Mama Mukami! Kona ilipigwa hivi, Rwamba akapaa juu ya watu wote, akaupiga kichwa, kipa akabaki ameduwaa!"

Njura alikuwa amesimama katikati ya sebule, kijiko mkononi, shingo ameinyoosha kuonyesha vile Rwamba alipaa. Ngoma yake ya ushabiki ilikuwa kando ya mlango, pale alipoitua. Mkewe Eunice alikuwa akimpakulia mukimo. Mwiko ukasimama juu ya sufuria.

"Kichwa?"

"Kichwa, nakuambia! Uwanja mzima wa Ishiara ulinyamaza. Dakika ya themanini na moja."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi? Nyuma ya goli kabisa. Nimepiga ngoma hadi mikono imefura."

Eunice akaiangalia ile mikono. Haikuwa imefura. Akamwekea sahani mezani, akamwambia ale kabla chakula hakijapoa.

Sasa ndugu zangu, wacha niwaambie kitu ambacho Njura hakukijua. Bao halikuwa la kichwa. Lilikuwa la penalti. Eunice aliliona kwa macho yake mawili, hapo hapo sebuleni, kwa simu yake aliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Katibu wa timu alikuwa akionyesha mechi laivu Facebook, na Eunice alikuwa ameitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Eunice hakuwa mtu wa mpira. Njura ndiye aliyekuwa wa mpira tangu ujana, hata siku ya kwanza kumtembelea kwao alifika na ngoma begani akitoka uwanjani. Kirimiri Rangers ikishinda, nyumba ilicheka. Ikipigwa, chakula kililala. Hayo Eunice aliyazoea. Lakini tangu uwanja wao wa Runyenjes ufungwe kukarabatiwa, timu ilikuwa ikicheza ugenini kila Jumapili, na tangu binti yao Mukami aende shule ya bweni, Jumapili ikawa ndefu. Akitoka kanisani anafungua mlango, anasema "hodi" kwa mazoea, na hakuna wa kumjibu. Anapika, anakaa. Upweke jamani ni kitu kibaya. Ulimfanya asome maana ya ofsaidi.

Ndiyo, alijifunza mpira akiwa peke yake, kama mtu anayesomea mtihani. Alijua majina ya wachezaji wote kumi na mmoja na wa akiba. Alipanga kwamba timu ikifika fainali ya mchujo wa kupanda daraja, atamshtua mumewe. Watakaa mezani wabishane kuhusu Rwamba, yule beki mrefu wa kupenda kufunga kwa kichwa, na watakuwa tena na kitu cha kuongea.

Na kila Jumapili alikuwa akiitafuta ngoma kwenye ile picha ndogo. Hakuwahi kuiona. Hata mlio wake hakuwahi kuusikia. Alijiambia ni netiweki.

"Chumvi imekosa kidogo," Njura akasema.

"Pole," akajibu Eunice.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeshindwa kulala ni yule aliyedanganywa.

Kesho yake Eunice alikuwa kazini kwenye duka la pembejeo, akimpimia mama mmoja chakula cha kuku, Misheck alipoingia. Misheck alikuwa fundi wa viatu pale sokoni na mwenyekiti wa mashabiki wa Rangers. Alingoja yule mama atoke, kisha akavua kofia.

"Mama Mukami, unaendeleaje lakini?"

"Niko sawa, Misheck. Hongereni jana."

"Asante. Na jana ilikuwaje? Hukuanguka?"

"Kuanguka?"

"Presha, mama. Sisi tunajua, usione haya. Baba Mukami alitueleza tangu Februari. Ati katikati ya wiki ukiwa na watu hapa uko sawa, lakini Jumapili ukiachwa nyumbani peke yako unazimia. Ati daktari amekataza kabisa uachwe peke yako." Misheck akatikisa kichwa. "Tunamkosa na ngoma yake, lakini mume wa kuacha mpira akae na mke wake, huyo ni mmoja kwa mia. Kila hafutaimu tunakuombea."

Eunice alishika meza. Wiki chache nyuma mwendesha boda mmoja alikuwa amemwambia, "Pole mama, Mungu yupo," na yeye akafikiri ni pole ya timu kufungwa.

"Na ile asali ya Ishiara tuliyompa Baba Mukami mwezi jana akuletee? Ilisaidia?"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini miaka kumi na minane ya ndoa si kitu cha kumwaga mbele ya magunia ya mbolea.

"Ilisaidia," akasema. "Asanteni sana."

Asali yenyewe hakuwahi kuionja.

Alhamisi jioni alimpa mumewe nafasi. Alimpa kwa roho safi, na angeichukua, pengine hadithi hii ingekuwa nyingine.

"Baba Mukami, fainali ni Meru, si ndiyo?"

"Jumapili hii. Nitaondoka Jumamosi na wenzangu, tulale huko tuzoee."

"Nikuje na wewe?"

Njura alicheka. "Wewe na mpira? Huko ni vumbi na kelele, utaumwa kichwa bure. Baki upumzike."

"Mimi napumzika kila Jumapili, Njura. Nimechoka kupumzika. Hii nyumba inanimaliza."

"Wacha hizo, mama. Nitakuletea ndizi."

"Sawa. Nisalimie Misheck."

"Nitamsalimia."

Jumamosi Njura akaoga, akapaka mafuta, akabeba ngoma begani akaenda. Eunice alisimama mlangoni hadi akapotea kwenye kona, kisha akampigia Misheck.

"Mna nafasi kwa basi kesho?"

"Mama Mukami! Na presha?"

"Presha nitakuja nayo."

Mashabiki walimpokea kama mtu aliyefufuka. Gladwell, muuza nyanya anayepuliza vuvuzela, alimwachia kiti cha dirishani, akamfunga shingoni kitambaa cha kijani cha timu.

"Na Baba Mukami?" akauliza Gladwell.

"Alitangulia Meru jana. Na ngoma."

"Kumbe! Leo ngoma iko! Misheck, umesikia?"

Basi zima likaimba. Eunice akageukia dirisha. Watu arobaini walimfurahia, na yeye hajawahi kujisikia peke yake namna hiyo.

Uwanja ulikuwa hatua chache tu kutoka mtaa wa Majengo, umezungushiwa fensi ya waya. Wenyeji walijaa pande tatu, Rangers wakapewa kona moja. Ngoma haikuwako. Njura hakuwako. Hadi mapumziko ilikuwa bila kwa bila, na mashabiki wa Runyenjes walikuwa wakipiga makofi tu hadi viganja vinawasha.

"Huyu mtu amekwama wapi?" Misheck akatoa simu. "Wacha nimpigie." Akaweka spika, maana kelele ilikuwa nyingi. Eunice na Gladwell wakasogea.

"Mwenyekiti!" Sauti ya Njura ilikuwa ya chini, ya huzuni. "Mnaendeleaje huko?"

"Bila bila. Wewe uko wapi?"

"Wapi tena, ndugu yangu? Si nyumbani. Mama Mukami amezimia tena asubuhi. Nimekaa naye hapa kitandani, namshika mkono."

Misheck akamtazama Eunice. Eunice akaitazama simu.

Wakati huo mtangazaji wa uwanja akaunguruma kwenye kipaza sauti: "Mwenye lori la kabichi lililoziba lango, aliondoe! Narudia, lori la kabichi!"

Na simu nayo, nyuma ya sauti ya Njura, ikasema: "Narudia, lori la kabichi!"

"Ni mimi au nimesikia mara mbili?" akauliza Gladwell.

Eunice akanyoosha mkono, Misheck akampa simu.

"Baba Mukami."

Eunice akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Kama umenishika mkono, mbona siusikii?"

"Eunice? Eunice, uko... uko wapi?"

"Niko mahali uliniambia utakuwa."

"Ngoja. Ngoja nikueleze, mama. Usikate."

Kisha sauti ya mwanamke ikaingia kutoka kwa mbali, ya mtu anayekaribia: "Njura, chai inapoa. Unaongea na Eunice gani? Si ulisema Eunice aliaga dunia?"

Simu ikakatika.

Eunice aliirudisha kwa Misheck. Basi ndivyo ilivyokuwa. Runyenjes alikuwa mgonjwa, Meru alikuwa marehemu, na nyumbani kwake mwenyewe alikuwa mpishi.

"Mama Mukami, keti chini," Misheck akasema, macho yamemjaa machozi. "Sisi ni wajinga. Tulikuombea wiki zote hizo."

"Hamkukosea, Misheck. Nilikuwa nahitaji maombi. Mlikosea ugonjwa tu."

"Tukuite gari urudi nyumbani?"

"Kufanya nini huko? Mechi haijaisha."

Dakika ya sabini hivi, mwanamke aliyevaa aproni alikuja mbio upande wa nje wa fensi, akihema, ngoma kifuani.

"Ni nani hapa anaitwa Eunice?"

Gladwell alitaka kumvaa kwa maneno, Eunice akamzuia. Akaenda hadi kwenye waya.

"Ni mimi."

Yule mwanamke alimtazama usoni, mikononi, miguuni, kama anayehakikisha ana miguu.

"Naitwa Kajuju. Nina hoteli ya chai hapo Majengo. Nimembana Njura akakiri uko hai, uko hapa uwanjani. Dada, aliniambia uliaga mwaka juzi. Tulipanga aje kwetu na wazee mwezi wa Desemba. Kila siku nikiomba, namalizia na wewe. Nasema, Mungu amlaze pema mama ya Mukami."

Eunice alitafuta tusi. Njia nzima kutoka Runyenjes alikuwa ameyapanga matusi vizuri. Hakuona la kumfaa huyu.

"Asante," akajikuta amesema. Kisha akauliza, "Asali ilikuwa tamu?"

"Asali?" Kajuju akashika mdomo. "Alisema amepakua kwa mizinga yake."

"Mizinga! Njura anaogopa hata nzi."

Wakacheka, wote wawili, kidogo tu, kisha wakaacha kwa pamoja.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha barazani ameshika viatu. Sijui anaenda wapi, lakini kwangu haingii tena. Hii ngoma nimeona niilete. Nilikuwa nawasikia mnapiga makofi tu, nikahurumia."

Fensi ilifika kifuani tu. Kajuju akainua ngoma, Eunice akaipokea. Vidole vyao vikagusana, na Kajuju akageuka akaenda zake akijifuta kwa aproni. Naye pia alikuwa akirudi kwa nyumba tupu.

"Unaijua kuipiga?" Misheck akamuuliza.

"Siijui."

"Piga hivyo hivyo."

Eunice akapiga. Alipiga vibaya. Wenzake wakiimba alikuwa nyuma, wakinyamaza alikuwa bado. Lakini Rwamba kule nyuma alisikia ngoma, akageuka, akainua mkono juu, na kona nzima ya kijani ikalipuka.

Haikusaidia. Dakika tisini ziliisha bila kwa bila, wakaenda penalti. Nne kwa nne. Ya tano ya Meru ikaingia. Ya tano ya Rangers akaenda Rwamba, yule yule aliyefunga penalti ya Ishiara, akauweka mpira, akarudi nyuma hatua nne. Mpira ukapita juu ya mwamba, ukaenda kuanguka kwenye lile lori la kabichi.

Msimu mzima ukaishia hapo. Misheck alikaa kwenye nyasi, kofia usoni. Wanaume wazima walilia kwa sauti. Gladwell alilia akiwa ameshika vuvuzela. Na Eunice, aliyekuwa hajatoa chozi hata moja tangu Jumapili iliyopita, akaiegemea ngoma akalia hadi mabega yakatikisika. Alilia miaka kumi na minane, alilia sahani za mukimo. Kati ya watu arobaini wanaolia, hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kwenye basi aliiweka ngoma kwenye kiti cha pembeni yake. Walipokuwa wakipita Chuka, jua likizama, simu ikaita mara tatu hakuipokea. Kisha ujumbe ukaingia.

"Eunice nisamehe. Nimekosa sana. Usimwambie Mukami. Niko stendi Meru sina pa kwenda."

Dakika moja baadaye ukaingia mwingine.

"Najua sina haki ya kuuliza. Lakini watu hapa wananichanganya. Niambie tu, tumepanda?"

Eunice aliusoma huo wa pili mara nyingi. Alimjua mtu wake. Alijua kwamba amekaa mahali fulani, roho imemkauka kwa kutojua, na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kukosa fainali. Kwa sekunde kidogo alimhurumia. Angetaka mtu wa kukaa naye mezani wabishane kwa nini Rwamba alirudi nyuma hatua nne badala ya mbili.

"Ni yeye?" Gladwell akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Ni yeye."

"Anataka nini?"

"Matokeo."

"Na utamwambia?"

Eunice akaandika polepole, kwa kidole kimoja: "Bao lilikuwa la kichwa."

Akatuma, akazima simu, akaweka mkono juu ya ngoma ili isianguke kwenye kona.