Nyumba Inayofagia Watu

Asubuhi ya kwanza katika nyumba yao wenyewe, Akoth alifungua mlango wa mbele akakuta viatu vya familia nzima viko nje, vimepangwa vizuri, ncha zote zikielekea getini.

"Daisy! Ni wewe umetoa viatu?"

"Si mimi, mama. Mimi nimetoka tu kuamka."

Akoth akavirudisha ndani. Hakutaka kitu chochote kimharibie siku hiyo. Tangu atoke upande wa ziwa akiwa msichana, alikuwa ameishi Mashimoni, Kibera, chumba kimoja cha mabati, akikaanga samaki kando ya kibanda cha maji. Mumewe Obiero alikuwa fundi wa mawe. Alikuwa amewajengea watu nyumba nusu ya Nairobi, na jioni alirudi kulala mahali ambapo jirani akikohoa, ukuta unatingishika.

Ndipo waliposikia kwamba Mbuthia, mwenye maploti ya kupangisha kule Gatina, Kawangware, anauza nyumba ya zamani ya ukoo wao. Babu yake aliijenga wakati Kawangware ilikuwa bado mashamba na ng'ombe. Obiero alikwenda kuitazama, akapapasa kuta kwa viganja, akarudi nyumbani akiwa kama mtu aliyetoka kuposa. "Mawe ya kuchongwa kwa mkono, Mama Daisy," alisema. "Siku hizi hakuna mtu anajenga hivyo." Maghorofa ya kupangisha yalikuwa yameizunguka nyumba ile kila upande, jua likiufikia ua saa chache tu za mchana, lakini ilikuwa nyumba. Waliuza kila walichoweza kuuza wakainunua.

Siku ya kupewa funguo, Mbuthia alicheka sana. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye koti la ngozi. "Sasa nyinyi pia ni malandilodi!" Dada yake, Beth, alikuwa amekuja naye, lakini alibaki nje ya geti.

"Ingia basi, dada, tunywe chai," Akoth alimwita.

"Asante. Mimi siingii hapo." Beth alitazama dirisha la chumba cha nyuma, kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu, "Mtoto asilale chumba cha nyuma."

Kabla Akoth hajauliza kwa nini, Mbuthia alikuwa amemshika dada yake mkono na kumwondoa.

Basi wiki hiyo ya kwanza ikaenda. Viatu vilitoka nje tena, na tena. Kisha, alasiri moja, Akoth akiwa uani anaparua samaki, akasikia mtu anafagia ndani ya nyumba. Obiero alikuwa kazini. Daisy alikuwa pale pale ubavuni mwake, anacheza na magamba.

*Chwa. Chwa.* Kimya. Kisha mkwaruzo, kama gunia linaburutwa. Kisha tena, *chwa, chwa.*

Ulikuwa ufagio wa vijiti. Wao hawakuwa na ufagio wa vijiti.

Akoth akaingia na kisu mkononi. Harufu ilimpokea mlangoni: ugoro, moshi wa kuni, na blanketi lililolowa mkojo wa mgonjwa. Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa safi kabisa, na vitu vyao vyote, sufuria, nguo, godoro la Daisy, nyundo za Obiero, hata Biblia, vilikuwa vimesukumwa vikawa lundo moja kwenye kizingiti, kama taka zinazosubiri kutupwa.

"Majini ni ya Mombasa," Obiero alisema alipoambiwa. "Hapa ni Kawangware. Kuna mtu ana funguo, ni hivyo tu." Akabadilisha kufuli.

Jumamosi akaingia chumba cha nyuma kupiga plasta. Hakukaa. Alitoka akitembea upesi, bila mwiko, soksi zimechanika na vifundo vya miguu vinatoka damu mistari mistari, kama mtu aliyechapwa kwa kichaka. Akoth alimwosha bila kuuliza. Mwishowe mwanamume yule alisema kwa sauti ya chini sana, "Iko chini. Haisimami. Iko hapo chini sakafuni."

"Tutoke, Baba Daisy."

"Twende wapi? Kile chumba cha Mashimoni kina watu tayari." Alitazama kuta zake za mawe. "Maisha yangu yote mimi ni mtu wa kuambiwa toka. Kwa hii nyumba sitoki."

Lakini nyumba haikuwa imemalizana nao. Jumatatu Daisy alirudi kutoka shuleni amechoka, akalala kwenye mkeka sebuleni, na Akoth akajinyoosha kando yake afumbe macho kidogo tu, jua likiwa bado linawaka dirishani na vijana wa bodaboda wakibishana barabarani, na alipoisikia ile *chwa, chwa* alidhani anaota, mpaka harufu ya ugoro ilipomjaa kooni akafungua macho akaona mkeka hauna mtu, na mtoto wake, bado amelala, mdomo wazi, mikono imenyooka juu ya kichwa, anateleza chali juu ya saruji kuelekea mlangoni, anasogea, anasimama, anasogea tena, bila mtu wa kumvuta, na Akoth akaruka akamdaka miguu, na kitu kikavu chenye ncha nyingi kikampiga vidole, kikampiga tena, kikampiga usoni, naye akashikilia hivyo hivyo, akimwita Mungu, akimwita Obiero, akimwita mama yake aliyekufa, mpaka kile kitu kikaachilia ghafla wote wawili wakaanguka.

Daisy akafumbua macho. Hakulia. Alimtazama mama yake kwa dharau, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtoto.

"Mpangaji," alisema, "huwa anatoka."

Jioni hiyo hiyo Akoth alipanda pikipiki mpaka Kibera kumwita Mama Akeyo. Huyu alikuwa nabii wa kanisa dogo la ngoma kule Mashimoni, mwanamke mfupi, mkali, aliyejulikana kwa kutoa pepo waliowashinda wachungaji wenye suti. Alikuja kesho yake mchana na kanzu nyeupe, ngoma, na chupa ya maji ya maombi. Akawakalisha Daisy na wazazi wake katikati ya chumba cha nyuma, akaanza kupiga.

Aliimba kwa muda mrefu. Kisha mkono wake ukawa unapiga ngoma na ngoma haitoi sauti. Walimwona akipiga kwa nguvu, jasho linamtiririka, na chumba kiko kimya kama kisima. Kutoka pembeni, mkwaruzo ukaanza kujiburuta kuwajia.

"Wewe ni nani?" Mama Akeyo akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Daisy akajibu. "Mwenye nyumba."

"Unataka nini kwa hawa watu? Sema uende!"

"Nataka mgongo."

Mama Akeyo akarudi nyuma hatua moja.

"Nataka mgongo wa kunibeba," ile sauti ikasema kupitia kinywa cha mtoto, polepole, kama inatafuna. "Wa huyu ni mdogo. Lakini utatosha."

Na mbele ya macho yao Daisy akaanza kuinama. Mabega yake yakashuka, shingo ikasukumwa mbele, mikono ikarudi nyuma yenyewe na vidole vikafungamana chini ya kiuno, kama vile mtu anavyombeba mgonjwa mgongoni. Obiero akajaribu kuiachanisha mikono ile. Fundi wa mawe, mwenye nguvu za kubeba mfuko wa simiti kila bega, alishindwa na vidole vya mtoto. Walitoka chumbani humo wamembeba Daisy hivyo hivyo amekunjika, na hakunyooka mpaka walipovuka geti.

Barabarani, Mama Akeyo alijitazama. Pindo la kanzu yake lilikuwa limechanika vipande.

"Mimi nafukuza pepo," alinong'ona. "Huyu ndiye anafukuza. Mnanielewa? Na hata mkihama, atamfuata mtoto. Ameshamjaribu. Tafuteni mtu wake. Kila aliyekufa ana mtu wake."

Akoth alimjua wa kumwuliza. Beth alikuwa na duka la unga Riruta, upande wa Satellite. Alipomwona Akoth na vidole vyake vilivyochanika, alifunga mlango wa duka mchana kweupe.

"Ni shosho, nyanya yetu," Beth alisema kabla hajaulizwa. "Jina lake Wakarima. Nyumba ilikuwa yake, alikuwa analala kile chumba cha nyuma, na alikataa isiuzwe. Miguu ilikuwa imekufa, alikuwa anafagia amekaa chini, anajiburuta, lakini nyumba yake ilikuwa inang'aa. Mbuthia akamwambia anampeleka hospitali. Akamleta hapa Satellite, akamwacha kwa chumba cha kukodi."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nampelekea chakula." Beth alifuta uso kwa leso. "Kila mara anasema, mwambieni Mbuthia akuje anibebe nirudi kwangu. Mbuthia anamwambia, kesho shosho, kesho nitakubeba. Nilimkuta mlangoni pa chumba hicho asubuhi moja, ameshakufa. Alikuwa amejiburuta usiku mzima, kucha zimeisha."

Nje mteja aligonga, akaenda zake.

"Anataka mgongo," Akoth alisema.

Beth akachukua simu yake, akatafuta namba ya kaka yake, akamsukumia Akoth simu hiyo juu ya meza.

Akoth hakudanganya. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi, kwamba hakusema hata neno moja la uongo. "Mzee Mbuthia, ni Mama Daisy wa Gatina. Kuna kitu cha shosho yako kimebaki huku chumba cha nyuma. Tunaomba ukuje ukichukue."

"Kitu gani?" Sauti ilichangamka. "Msiguse! Nakuja sasa hivi."

Alikuja na koti lake la ngozi, akiangalia huku na huku kwa tamaa. Obiero alikuwa amempeleka Daisy kwa majirani, akasimama uani. Hakuweza kumtazama mgeni usoni.

"Kiko wapi?"

"Ndani," Akoth alisema. "Kule nyuma."

Mbuthia akaingia. Walisikia viatu vyake vikikanyaga sebule, vikaingia chumba cha nyuma, vikasimama. Walimsikia akinusa. "Mbona kunanuka..." alianza kusema, na hakumaliza. Kisha ukasikika ule mkwaruzo, si wa polepole kama siku zote bali wa haraka, wa kitu kilichongoja sana, na sauti ya Mbuthia ikapanda ikawa nyembamba kama ya mtoto, "La, shosho, la, kesho, nitakubeba kesho, Ngai, Mungu wangu, shosho, shuka, shuka!" na kikatokea kishindo, kama mtu mzito ameruka akamdandia mwenzake, na baada ya hapo hawakusikia tena chochote ila pumzi, pumzi za watu wawili, moja nzito ya mwanamume na nyingine kavu, ya kuridhika.

Alitoka ameinama. Uso ulikuwa umetazama chini, jasho likidondoka puani, mikono imefungamana nyuma ya kiuno. Aliwapita bila kuwaona, hatua fupi fupi za mtu aliyelemewa, akavuka geti, akashika barabara ya Satellite. Vijana wa bodaboda walicheka wakidhani mzee amelewa.

Tangu siku hiyo nyumba ilikaa kimya. Obiero alimaliza plasta yake. Daisy hakukumbuka lolote, akanenepa, akapata marafiki. Habari za Mbuthia waliletewa na watu: kwamba madaktari walimpiga picha wakasema uti wa mgongo ni mzima, kwamba hawezi kulala chali, kwamba anatembea mchana kutwa kwa sababu akikaa chini anapiga kelele. Beth alimpelekea chakula.

Akoth alimkwepa Mbuthia karibu mwaka mzima. Kisha siku moja alikuwa anatoka sokoni, wakakutana uso kwa uso kwenye kichochoro chembamba kisicho na pa kupitia. Koti la ngozi halikuwepo. Alikuwa amekonda, amevaa shati peke yake, na alisimama mbele yake akihema.

"Mama Daisy." Hakuweza kuinua kichwa, alizungumza na miguu yake. "Mimi siwezi kujiona. Niangalilie, tafadhali. Ameshuka?"

Akoth aliangalia. Mgongoni hapakuwa na kitu. Palikuwa na shati tu, lililolowa jasho. Lakini kwenye kila bega kitambaa kilikuwa kimebonyea, mikunjo myembamba iliyozama ndani ya nyama. Alipokuwa bado anatazama, mikunjo ya bega la kulia ikalegea, ikasogea mbele polepole kuelekea shingoni, ikajishikilia upya.

"Bado, mzee," Akoth alisema, akajibana ukutani ili wapite.