Usiitike Kabla Hujaona Uso

Jacklyne alisahau sweta. Ilianza hivyo tu.

Nilikuwa nimetoka Gikomba, miguu inawaka, nikafika nyumbani Shauri Moyo nikaikuta kwa kiti. Sweta ya kijani, nzito. Niliichagua mwenyewe siku tulifungua bale la mitumba. Mjukuu wangu alikuwa ameenda kulala kwa tenti na klabu ya mazingira ya shule yao huko Donholm, na baridi ya Julai haina huruma. Mama yake, Adongo, alikuwa shifti. Nikachukua sweta, nikatoka. Jua lilikuwa linaelekea kuingia.

Niseme kitu mapema. Mimi nimejua kusoma mwaka jana. Darasa la gumbaru, kanisani, wazee tumekalia viti vya watoto magoti yakigusa kidevu. Kwa hivyo siku hizi sipiti maandishi bila kuyasoma. Njia nzima nilikuwa nasoma. MAKAA HAPA. TUNASHONA VIATU. USIKOJOE. Kwa geti la shule nikasimama nikasoma kwa sauti, pole pole: WA-GE-NI WO-TE WA-RI-PO-TI KWA M-LI-NZI.

"Mathe, mlinzi ni mimi," jamaa wa geti akasema. Anaitwa Mbuthia. "Si uniripotie tu?"

"Najua ni wewe. Lakini imeandikwa, na mimi nasoma."

Akacheka akafungua. Halafu akaacha kucheka.

"Peleka sweta urudi," akasema. "Giza likiingia usiwe huko nyuma kwa miti."

"Kuna nini?"

"Kuna baridi."

Lakini hakusema kama mtu anaongea juu ya baridi.

Watoto walikuwa kwa uwanja, tenti zimesimama, moto umewashwa. Sikumwona Jacklyne. Nikapiga kelele vile napiga sokoni.

"Jacklyne! Jacklyne wangu! Njoo uchukue sweta yako!"

Mkumbuke hiyo kelele. Uwanja mzima ulisikia. Na si uwanja peke yake.

Akaja mbio, ameficha uso. "Dani, unaniaibisha!" Dani ni nyanya, kwa Kijaluo.

"Baridi ndiyo itakuaibisha. Vaa."

Akavaa, halafu akanivuta mkono anionyeshe mti wake. Nyuma ya uwanja, shule yao iko na kipande cha miti ya zamani, mirefu, ya kabla estate ijengwe. Klabu yao inasomea huko. Kila mtoto anachagua mti. Anaupima, anachora majani yake, anahesabu ndege wanaokuja. Na anautundikia kibao chenye jina lake. Nikasoma cha kwake, nikikishika kwa kidole: JA-CK-LY-NE. Mimi jina langu limeandikwa mara ya kwanza nikiwa tayari nina wajukuu.

Filimbi ikalia. Tukarudi kwa moto.

Mwalimu wa klabu ni Wachira, kijana mzuri, mchangamfu, koti lina mifuko kila mahali. Alisimama kando ya moto akaanza kuita majina. Watoto hawakuja. Waliitikia tu kutoka walipokuwa. Ndani ya tenti. Nyuma ya choo. Huko kwa bomba.

"Nduta!"

"Niko!"

"Gedi!"

"Niko!"

"Jacklyne!"

"Niko, Ticha!"

Mimi hiyo sikuipenda.

"Ticha," nikamwambia akimaliza, "hawa watoto wanaitikia mtu hawamwoni?"

"Ndiyo, shosh. Inawafanya wawe macho. Mtoto akisikia jina lake, popote ako, anasema Niko. Hapo najua ako salama."

"Kwetu jua likiingia hauitiki sauti kabla hujaona uso. Mtu akuite mpaka afike mlangoni umwone."

"Shosh, hiyo ni ya ushago. Hapa ni Donholm."

"Kwani jua haliingii Donholm?"

Watoto waliokuwa karibu wakacheka. Hata yeye akacheka. Akaniletea kikombe cha chai na mkate, tukasimama karibu na moto tukila. Jua likaingia.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu.

Udongo. Udongo uliochimbwa saa hiyo hiyo. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Halafu ndege wakanyamaza. Wote. Kama mtu amewazima na swichi.

Halafu...

"Gedi..."

"Niko!" mtoto akaitikia kutoka kwa tenti yake.

"Nduta..."

"Niko!"

Sauti ilikuwa ya Wachira. Ile ile, na ule uchangamfu wake. Nikageuka nimwambie sasa inatosha, watoto wameshaitwa.

Wachira alikuwa mbele yangu. Mdomo umejaa mkate.

Tuliangaliana. Hakutafuna. Hakumeza.

Gedi akatoka kwa tenti. Mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi. Akapita kando yetu akielekea kwa miti, pole pole, macho wazi. Nduta nyuma yake. Wachira akatema mkate, akaruka, akamshika Nduta mkono. Msichana mdogo tu, lakini alimburuta mwalimu wake kama mkokoteni mpaka akamwachilia. Wachira akachukua filimbi, akapuliza.

Kwa miti, filimbi nyingine ikamjibu.

"Jacklyne..."

Niliruka. Sijui niliruka vipi na haya magoti. Nikamziba mjukuu wangu mdomo kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Alikuwa ameshaanza. Nilisikia "Niko" ikigonga kiganja changu kutoka ndani.

"Jacklyne..."

Akanisukuma. Nikamkumbatia na ule mkono mwingine.

Halafu ikaita mara ya tatu. Na haikuwa sauti ya Wachira.

"Jacklyne! Jacklyne wangu! Njoo uchukue sweta yako!"

Ilikuwa sauti yangu.

Mtoto akageuza macho akaniangalia. Mimi hapa, nimemshika. Na mimi kule, namwita. Akaniuma kidole, na sikumwachilia. Damu ikatoka, na sikumwachilia.

"Niangalie," nikamnong'oneza. "Uso. Dani ni yule mwenye uso."

Akaniangalia. Akalegea. Akaanza kulia, kilio cha kawaida, cha mtoto. Nikashukuru Mungu kwa hicho kilio.

"Ticha," nikasema. "Chukua hawa wengine wote uwafungie darasani. Wazibe masikio. Waimbe. Na asiitike mtu!"

"Wachira..." miti ikasema.

Kijana akafungua mdomo. "Ni..."

Nikamzaba kofi. Ticha mzima. Kofi ya Gikomba.

"Asante, shosh," akasema.

Akawakusanya watoto, na Jacklyne wangu kati yao, wakakimbia. Nikabaki nimesimama peke yangu karibu na moto, nikingoja niitwe. Miti pia ilikuwa inangoja. Nilisikia ikivuta pumzi, ikitafuta. Na hapo nikaelewa.

Haikuwa na cha kuniita.

Huko shuleni hakuna mtu alikuwa amelitaja jina langu. Mathe. Shosh. Dani. Mwanamke wa umri wangu hatajwi jina hovyo, ndiyo heshima yetu. Ile sauti ilikuwa imesikia kila jina uwanjani jioni baada ya jioni klabu ikikutana, watoto wakifundishwa kuyapaza. Langu haikuwa nalo. Na hata hapa siliandiki.

Nikawasha tochi ya simu nikaingia kwa miti.

Gedi alikuwa ameukumbatia mti wake, paji la uso limegusa gamba. Nilimulika chini. Miguu ilikuwa imezama. Udongo umefika vifundoni, ile soksi haionekani, na ardhi ilikuwa inasonga kidogo kidogo, kama mdomo wa mtu anayekula akiwa amefunga midomo.

Saa hiyo sikuwajua hawa watoto kwa majina. Nani ni Gedi, nani ni nani, mimi nilikuja na sweta tu. Lakini majina yalikuwa yametundikwa. Nikamulika kibao.

"Ge..." nikasema. "Ge... di."

"Ge... Ge..." ikaniiga. Kutoka juu, kutoka nyuma, kutoka chini ya viatu vyangu. Sauti yangu mwenyewe, ile ya darasani, ya kukwama. "Ge... ge... Ha-ta... ku-so-ma... hu-ju-i..."

Nitawaambia ukweli. Niliogopa. Lakini hasira ilifika kwanza. Nimechekwa na makanga wakati sikujua basi inaenda wapi. Nimechekwa na karani wakati niliweka kidole pahali pa sahihi. Sasa nichekwe na miti?

"Nimechelewa," nikasema kwa nguvu. "Lakini nimefika! Wewe ulisoma wapi?"

Nikang'oa kibao. Nikashika mashavu ya mtoto na mkono mmoja, nikamgeuza, nikamulika uso wangu mwenyewe aone kila kasoro.

"Gedi. Unaniona? Ni mimi nakuita. Gedi!"

Akapepesa macho. "Niko," akasema, sauti yake mwenyewe. Nikamvuta, miguu ikatoka na mlio kama wa matope. "Kimbia. Usigeuke."

Nduta alikuwa amezama mpaka magotini. NDU-TA. Hiyo nilisoma mara moja, bila kukwama. Wakati huo sauti ilikuwa inaita majina yote pamoja, haraka haraka, ya Wachira, ya kwangu, ya watoto, na huko darasani nilisikia wimbo ukipanda juu kuishinda. Nikamshika Nduta uso. Akachelewa. Nikamwita tena, pua kwa pua.

"Niko," akanong'ona. "Shosho, miguu yangu iko baridi."

"Itapata joto. Kimbia!"

Nikaenda kwa mti wa Jacklyne. Hakukuwa na mtu hapo, lakini udongo chini yake ulikuwa umeshafunguka, shimo dogo, nadhifu, saizi yake. Nikang'oa kibao nikakiweka kifuani, ndani ya nguo. Nikatemea hilo shimo mate.

Ningegeuka hapo. Ningeenda nyumbani. Lakini tochi ilipiga mti wa nyuma, ule mnene, nikaona kibao kingine, chini chini, karibu na mizizi. Hakikuwa kama vya watoto. Hakikuwa na rangi. Kilikuwa kipande cha gamba, kibichi, bado kinatoa utomvu. Herufi zimechongwa kama kwa kucha. Zimepinda, moja kubwa moja ndogo. Kama zangu za kwanza kabisa.

Na mimi siku hizi sipiti maandishi bila kuyasoma.

"B... Bwi... re. Bwire."

Kila kitu kikanyamaza.

Nyuma yangu, karibu sana, mtu akasema:

"Niko."

Sauti ya mwanamume mzima. Lakini alitamka kama mtoto wa nasari, mwenye furaha kwamba hatimaye ameitwa.

Sikugeuka. Nilikimbia.

Mbuthia alinikuta kwa uwanja. Nikamwambia hilo jina. Akakaa chini kwa nyasi, na uniform yake.

"Bwire ndiye alikuwa mlinzi kabla yangu," akasema polepole. "Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa plot ya jirani. Jioni moja tulisikia akiitwa huko nyuma. Akaitika. Tukadhani ni bosi wake." Akafuta uso. "Bosi wake hakuwa amekuja siku hiyo."

"Na yeye?"

"Walisema ameacha kazi. Viatu vyake viliachwa hapa kwa kibanda."

Shule ilisema watoto walitembea wakiwa usingizini, kwa sababu ya moshi wa moto. Ilituomba wazazi tusisambaze uvumi. Nilienda mkutano wao, nikasimama na kitambaa kwa kidole, nikasema kila kitu mbele ya baba za watu wamevaa tai. Mmoja akauliza huyu mama ni nani. Wachira akasimama, ameshika shavu nililomzaba, akasema, "Huyu ni shosho yetu. Mmsikilize." Sasa kwa hiyo klabu mtoto haitikii mpaka amwone mwalimu. Bado wanasomea nje. Sikutaka wafungiwe. Mtoto ajue miti, ajue ndege. Lakini vibao vyote vilitolewa. Nilivitoa mwenyewe, mchana, Wachira akishika ngazi.

Kile cha gamba hakikuwa hapo.

Hiyo ndiyo shida yangu sasa. Mimi niliita jina nikiwa nimegeuza mgongo. Niliita nikaacha njiani.

Kila jioni, jua likiingia, hapa Shauri Moyo, harufu ya udongo inapita chini ya mlango. Halafu Bwire anasema, kwa adabu, kama mtu anayejua atangoja:

"Niko."

Majirani wananiambia nihame. Pasta anasema nisifungue. Jacklyne analala na mimi, amejifunika na sweta yake mpaka pua, na jana akaniuliza:

"Dani... na kama si yeye?"

Sijui. Lakini huyo mtu alijifunza herufi gizani, peke yake, bila mwalimu, ili siku moja mtu amsome. Mimi najua hiyo kazi. Siwezi kumwacha nje akingoja kama mimi nilivyongoja.

Leo nimevaa viatu. Tochi imejaa chaji. Jacklyne nimempeleka kwa mama yake. Jua linaingia, na harufu imeshafika mlangoni.

Nitafungua. Nitamshika mashavu nimwite vizuri, nikimwona uso.

Kama ana uso.