Uso wa Ursule

Juu ya daraja la Pont-Neuf, Paris, watu walijaa kama siafu. Ursule Barbot, mshona glavu, alikuwa akipenya kati ya wauza maua alipohisi kitu kibichi begani. Aligeuka. Kijana mrefu alikuwa amebeba picha ambayo haijakauka, na nusu ya anga la picha hiyo sasa ilikuwa kwenye shali yake.

"We bwana, huna macho?"

"Ninayo, bibie. Ndiyo yaliyoniponza."

Ursule alitaka kukasirika, akacheka.

Kijana huyo, Lubin Chastel, alichora mabwana na mabibi wakistarehe bustanini, na hariri zao na divai yao nyasini. Jumapili iliyofuata alimpeleka Ursule kwenye bustani ya Saint-Cloud, nje ya Paris, akamvika gauni la manjano aliloazima kwenye jumba la maigizo, akamketisha kivulini.

"Tulia basi, malkia."

"Malkia gani anatafuna jibini huku akichorwa?"

"Wangu."

Kiangazi kizima Jumapili zikawa zao. Kidevu cha Ursule, macho yake, hata kile kicheko, vyote vikaingia pichani.

Majani yalipoanza kupukutika, Ursule alipita karakanani kwa Lubin, asimkute. Picha ilikuwa imekamilika. Gauni lilikuwa lilelile, lakini juu yake ulikaa uso wa mwanamke mwingine, mwenye nywele za dhahabu. Tangu hapo, kila Lubin alipogonga dirisha la duka la glavu, Ursule aliinamia sindano kama kiziwi.

Mwishowe Lubin akaingia kwa nguvu, wateja wakiwa wamejaa.

"Ursule, nimekosa nini?"

"Kamuulize yule wa nywele za dhahabu."

"Yule?" Lubin alishika kichwa. "Hayupo duniani yule! Nimemtunga. Mnunuzi, mzee mmoja, alisema atakutundika chumbani akutazame kila akiamka. Nikachukua kisu, nikakukwangua."

"Bila kuniambia?"

"Niliona haya. Mwanamume mzima, naona wivu kwa ajili ya picha!"

Ursule aliuma mdomo asicheke. "Na wewe je, ungependa kuamka ukitazama nini?"

"Wewe. Nioe, Ursule."

"Mwanamume ndiye anayeoa, mjinga wewe," alisema huku machozi yakimtoka. "Mimi naolewa. Na nimekubali."

Bibi mmoja mnene akapiga makofi akiwa amevaa glavu ambazo hajazilipia.

Walifunga ndoa kabla ya theluji. Lubin hakuchora chochote siku hiyo. Alikuwa na kazi ya kumtazama mkewe.