Mkate wa Siku ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Jinal alichuja maji ya kunywa kwa kitambaa cheupe, kisha bibi yake, Bibi Vimla, akayachemsha. Ndivyo walivyoishi Wajaini, watu wa dini ya kale ya India, katika mtaa wao mjini Patan: hawaui kiumbe, hawali nyama, na jua likizama hawagusi chakula.

Mwaka aliotimiza miaka kumi na mbili, siku nane takatifu za msimu wa mvua zilipokaribia, Jinal alitangaza mbele ya ukoo kwamba angefunga zote nane kwa maji matupu. Binamu yake Mital alifanya hivyo mwaka uliotangulia.

"Wewe?" Mital akacheka. "Wewe unayenuna chai ikichelewa?"

"Utaona."

Mama alisita. "Bado mdogo huyu. Afunge siku moja, inatosha."

"Mwache," alisema Bibi Vimla. "Huyo ni damu yangu." Siku ileile akapiga simu mji wa Surat kuwaalika wajomba, akaagiza na gari la farasi la kumtembeza Jinal mtaani kwa shangwe siku ya tisa, mfungo ukiisha.

Siku ya kwanza ilipita. Ya pili kichwa kilimgonga. Ya tatu, adhuhuri, wengine wakiwa kwenye mahubiri, Jinal alijikuta jikoni amefungua kopo la mikate mikavu. Alikula mmoja akiwa amesimama, haraka, hata ladha asiisikie. Kisha akafuta makombo.

Alikusudia kusema jioni. Lakini wanawake wa mtaa walikuja kumwimbia, jina lake likiwa katika kila ubeti, na Bibi Vimla alikuwa akipita katikati yao kama mwenye harusi. Akaketi, akaimbiwa.

Kila asubuhi alikwenda kuweka upya nadhiri ya siku mbele ya Mama Charulata, mtawa wa nguo nyeupe aliyetembea peku tangu ujana wake.

"Hali yako, mwanangu?"

"Njema, Mama." Naye alijibu akitazama sakafu.

Siku ya tano mtawa aliwasomea waumini habari za kuzaliwa kwa Mahavira, mwalimu wao wa ishirini na nne, aliyeacha jumba la kifalme akatangatanga miaka kumi na miwili, akifunga na kutafakari. Walipotoka, jirani yao Bi Jasud alimjia Jinal akijikongoja. Alikuwa na uvimbe tumboni. Akainama ili amguse miguu kwa heshima.

"Usifanye hivyo, Bibi," Jinal akasema, akirudi nyuma.

"Niache, mjukuu wangu. Hospitali wamenirudisha nyumbani. Wewe siku hizi u safi kwa mfungo wako. Niombee walau nilale bila maumivu." Akauchukua mkono wa Jinal, akauweka kichwani pake.

Jinal alikimbilia bafuni akalia huku ameziba mdomo. Sasa atamwambia nani, na ataanzia wapi? Akaona njia moja tu iliyobaki: alipe. Tangu saa ile aliacha hata maji. Kila alipoletewa bilauri, alisubiri Bibi Vimla ageuke, akamwagia maua ya dirishani.

Siku ya saba midomo yake ilikuwa imepasuka na ngazi za hekalu zilimchezacheza machoni. Akaanguka.

Alipozinduka alikuwa kitandani kwao. Daktari alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake.

"Amekunywa maji lini?"

"Asubuhi hii, nimempa mwenyewe," alisema Bibi Vimla.

"Umempa, lakini hajanywa. Mwili umekauka. Anywe maji haya ya chumvi na sukari sasa hivi, la sivyo figo zitaharibika."

Jinal akageukia ukuta. "Siwezi. Lazima nilipe."

"Ulipe nini?" Mama akauliza.

Ndipo akasema yote: mkate, nyimbo, mkono juu ya kichwa cha Bi Jasud. Mital alikuwa mlangoni, naye hakucheka.

"Wageni wako njiani," alisema Baba kwa sauti ndogo, kama anayejisemea.

Bibi Vimla alichukua bilauri. "Kunywa," alisema. "Mimi ndiye niliyetaka gari la farasi. Mama yako alinikanya. Kunywa, mwanangu, nakuomba."

Jinal akanywa.

Kesho yake ilikuwa siku ya nane, siku ambayo Wajaini huombana msamaha. Baba alikuwa amekwisha kufuta agizo la gari la farasi. Jinal, akiegemea bega la Bibi Vimla, alipita nyumba kwa nyumba akisema maneno ya siku hiyo, "Michhami dukkadam", yaani kosa langu na lifutike. Baadhi ya wanawake walioimba waliitikia wakitazama pembeni.

Bi Jasud alikuwa amelala kwenye mkeka.

"Bibi, nilikudanganya. Nilikuwa nimeshakula siku ya tatu."

Bi kizee aliunyosha mkono akamshika Jinal.

"Nimekusamehe," alisema. "Nawe unisamehe. Nilikutwika mzigo wa mtu mzima."

Mwisho walifika kwa Mama Charulata. Mtawa aliwakalisha chini.

"Nilikuona ukitazama sakafu," alisema, "nikadhani ni uchovu. Nilipaswa kukuuliza. Sasa nisikilize. Fundisho letu la kwanza ni kutodhuru chenye uhai, na mwili wako nao una uhai. La pili ni kusema kweli. Tumbo likifunga na ulimi ukadanganya, hapo pana njaa tu, hakuna mfungo. Ungeniambia siku ya tatu, ningekwambia nenda kale, mwakani utajaribu siku moja. Jambo lingekuwa limeisha. Ukikosea, sema siku ileile, kosa likiwa bado dogo. Na moyo ukikuuma, usijitibu kwa kujiadhibu."

"Ndiyo, Mama."

"Nawe, Vimla, watoto wetu si mapambo yetu."

Bibi Vimla akainamisha kichwa.

"Haya, mpeleke nyumbani," alisema mtawa. "Jua linakaribia kuzama, na mtoto hajala."