Wageni Walioelekezwa Jikoni

Buibui watatu wa chuma walitambaa darini mwa nyumba ya Mhandisi Tumpe Mwansasu, wakitoboa na kuziba, na nyuma yao wakiacha nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Uji wa asubuhi ulipoanza kuchemka, kazi yao ilikuwa imekwisha. Taa za nyumba nzima ziliwaka, na ndani ya mwanga ule, kwa mpepeso wa kasi ambao jicho la binadamu haliuoni, habari zikaanza kupita. Huo ndio mtandao wa nuru, ambao jiji la Mbeya lilikuwa likiuingiza mtaa kwa mtaa badala ya mawimbi ya redio. Tumpe alikuwa miongoni mwa waliousanifu, na siku hiyo aliufurahia kama mtu aliyehamia nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Stoo, juu ya rafu ya unga, kulikuwa na seva yake, kisanduku cha ukubwa wa mkate. Humo ilikaa tovuti iliyotumiwa na familia za wachimbaji walioko Mwezini. Kampuni yao ya uchimbaji ilikuwa na njia yake rasmi ya mawasiliano, lakini kila ujumbe ulipitia kwanza kwenye mashine iitwayo Mfupishaji. Mama akilia dakika nzima, Mfupishaji aliandika: "Mama ana huzuni." Wachimbaji walichoka. Ndipo Tumpe alipojitolea kuwahifadhia sauti za jamaa zao nyumbani kwake, zikiwa nzima, na kikohozi ndani yake.

Adhuhuri simu iliita. Alikuwa Ipyana, binti wa Bi Subilaga wa mtaa wa pili.

"Dada Tumpe, shikamoo. Tovuti imepatwa na nini? Nikiifungua inaniuliza kama nataka uji au ugali."

Tumpe alicheka. "Marahaba. Inauliza nini?"

"Uji au ugali! Na mimi niko hospitali, mama ndiyo kwanza kaingizwa chumba cha upasuaji. Jana alimrekodia kaka Ambakisye ujumbe, akamwomba arudi kutoka Mwezini na chombo cha leo. Nilitaka kujua kama ameusikia."

Kicheko kilimkauka Tumpe. "Nipe muda kidogo, mdogo wangu. Nitaipata shida iliko."

Wala hakuwa na wasiwasi. Alikwenda stoo, akaona taa ya seva inawaka kijani. Alifungua tovuti kwa kioo cha sebuleni, ikafunguka bila shida. Seva ilikuwa hai, basi, na waliomo ndani ya nyumba waliiona. Akaitazama daftari-anwani ya jiji, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya nyumba. Nayo ilielekeza kwake sawasawa. Wageni walifika mpaka mlangoni. Walipotea baada ya kubisha hodi.

Mlangoni kuna bawabu. Ndivyo kilivyoitwa kile kifaa kinachounganisha nyumba na jiji: kila chombo cha ndani hukipa namba yake, kama chumba cha gesti, na mgeni wa nje humwelekeza chumba anachostahili. Buibui walipoweka bawabu mpya, walinakili maagizo yote ya yule wa zamani, likiwamo hili: wageni wa sauti wapelekwe chumba cha ishirini. Lakini namba zenyewe bawabu mpya alizigawa upya, kwa kufuata nani aliamka kwanza. Na aliyeamka kwanza asubuhi ile, ili akoroge uji, alikuwa Mpishi, roboti wa jikoni.

"Kumbe ni hivyo tu," Tumpe alisema peke yake.

Alimhamisha Mpishi, akairudishia seva namba yake na kuifunga isichukuliwe tena na yeyote. Kisha akatoka nje mpaka barabarani, nuru ya nyumba isikomfikia, akajaribu kwa simu kama mgeni. Tovuti ilifunguka. Alirudi ndani akitembea kwa madaha.

Jikoni Mpishi alikuwa akimenya ndizi.

"Asubuhi hii tumepata wageni wengi," roboti akasema kwa sauti yake ya upole. "Nimewahudumia wote."

Tumpe alisimama. "Umewahudumia vipi?"

"Wengi waliondoka bila kuagiza. Mmoja aliuliza: Mama anaendeleaje? Nikamjibu: Mama amekula uji wote, sasa amepumzika, usiwe na wasiwasi. Alishukuru sana."

Mama aliyekula uji alikuwa mama yake Tumpe, aliyekuwa amelala chumba cha pili. Mpishi alikuwa amefundishwa kumjibu Tumpe hivyo kila anapopiga kutoka kazini.

Tumpe alitoa simu. Akampigia Ambakisye papo hapo kupitia tovuti yake.

"Dada Tumpe!" Sauti ilikuja changamfu, baada ya ule ukimya mfupi wa safari ya Mwezini. "Ndaga, asante sana kwa habari za mama. Nilikuwa nimeshafunga mzigo. Niliposikia anakula na kupumzika, nafasi yangu nikampa mchimbaji mwenzangu Jengela, mkewe anakaribia kujifungua. Wameondoka sasa hivi."

"Ambakisye, sikiliza ujumbe wa mama yako. Sasa upo. Usikilize kwanza."

Alisubiri. Alipomsikia tena, ule uchangamfu haukuwapo.

"Nani alinijibu asubuhi?"

"Roboti wa jikoni kwangu. Mtandao ulibadilishwa, sikuujaribu kutokea nje. Nisamehe."



"Chombo kingine ni baada ya miezi mitatu, dada," Ambakisye alisema. "Nenda ukakae naye."

Tumpe alikwenda. Alikaa na Ipyana kwenye benchi la hospitali hadi daktari alipotoka na kusema upasuaji umekwenda vizuri, ila siku zijazo ndizo za kuangaliwa. Jua lilipokuwa likielekea kuzama Bi Subilaga alifumbua macho, akawatazama, akaangalia mlangoni.

"Amekwishapanda?"

Ipyana aliinamisha uso. Tumpe akaushika mkono wa mgonjwa.

"Hakupanda, mama. Mashine yangu ilimwambia u mzima, naye akaamini. Kosa ni langu."

Bi Subilaga alirudisha kichwa kwenye mto.

"Kiti chake kakalia nani?"

"Jengela. Mkewe ana mimba ya mwezi wa tisa."

"Basi huyo mtoto atapokewa na baba yake," alisema taratibu. Akanyoosha mkono wenye sindano ya maji. "Haya, nipe hiyo simu niongee na wangu."