Kikombe cha Pascasie

Mimi ni Umutesi. Kila asubuhi mama yangu, Mukabera, huuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, karibu na kituo cha mpakani cha Petite Barrière, nami humsaidia kubeba beseni. Miaka minne tulipita mlango wa jirani yetu Pascasie bila kumsalimia. Naona aibu kuyaandika haya.

Pascasie alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Siku moja alimkaribisha mjomba Valens ubushera, kinywaji cha mtama. Alionja kwanza mwenyewe, kama desturi yetu, ili mgeni ajue hakuna sumu. Mjomba alikunywa, akaanguka.

Tukasema Pascasie amemroga kwa sumu. Tulimpa mjomba dawa ya kumtapisha siku tatu. Pascasie alitusihi, "Mumupeleke hospitali!" Mama akamfukuza kwa matusi. Mjomba akafa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa kitu kwa Pascasie.

Mwaka huu mama alianza kuchoka na kuona kizunguzungu. Asubuhi moja alianguka mlangoni kwetu. Majirani wakakimbilia dawa ileile ya kutapisha. Pascasie akaja bila kuitwa, akashika mkono wa mama.

"Usimuguse!" nilipiga kelele.

"Umutesi, binti yangu, tuhesabu pamoja. Musikie mushipa yake." Tulihesabu dakika nzima. "Thelathini tu! Ya mutu muzima inafika sitini ao zaidi. Hii haiko sumu, ni moyo. Musimutapishe. Muite ambulansi sasa hivi!"

Safari hii nilimsikiliza.

Hospitalini, muuguzi Rwema alibandika nyaya kwenye kifua cha mama. Mashine ikachora mistari kwenye karatasi.

"Angalia," alisema. "Kilima hiki kidogo ni sehemu ya juu ya moyo. Inaita. Mwiba huu mrefu ni sehemu ya chini. Inaitika, inasukuma damu. Moyo ukiwa mzima, kila kilima kinafuatwa na mwiba wake, kwa umbali uleule."

Nilipitisha kidole kwenye karatasi. "Hapa vilima ni vingi, miiba michache. Kila kimoja kinakwenda kivyake."

"Donc, basi, umeona mwenyewe. Njia ya umeme wa moyo imeziba kabisa. Juu inaita, chini haisikii. Atawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi. Kitaukumbusha moyo kupiga."

"Na mjomba Valens? Naye alianguka hivi."

"Alipimwa?"

"Hapana."

"Basi siwezi kujua. Hakuna mtu atakayejua."

Nilikaa sakafuni nikalia. Labda mjomba angepona. Labda sisi ndio tuliomchelewesha, halafu tukamtwika Pascasie kifo chake. Hiyo "labda" hainitoki kichwani mpaka leo.

Mama aliwekewa kifaa Kigali. Sasa anatembea mpaka Petite Barrière bila kupumzika njiani. Mtu akizimia mtaani kwetu, tunashika mshipa wake, tunaita ambulansi, na hatumpi kitu cha kutapisha. Lakini mama hacheki kama zamani.

Jumapili tulikwenda kwa Pascasie.

"Nisamehe," mama alisema. "Nilikuharibia jina."

 Pascasie alimimina ubushera, akainua kikombe ili aonje kwanza. 

Mama akamshika mkono. "We Pascasie, usionje."

Akachukua kikombe, akanywa mpaka mwisho. Pascasie akaketi chini akalia kwa sauti.