Nguo Zilizokosa Kifungo cha Mwisho

Kila nikitoka shule napita kwanza dukani kwa baba. Siendi nyumbani moja kwa moja, kwa sababu nyumbani kuna vyombo vya kuosha na dukani kuna vifungo. Baba ni fundi cherehani, na mimi ndiye mshona vifungo wake. Wateja wameniita Kifungo mpaka wamesahau jina langu. Naweka mkoba chini ya meza ya kukatia, nanawa mikono nisije nikachafua kitambaa cha mtu, kisha baba ananisogezea kopo la vifungo kwa mguu huku macho yake yakiwa kwenye sindano.

Zamani palikuwa na jambo jingine la kila siku. Nguo ikishakamilika, baba alikata uzi, akaitundika, akafungua mlango wa nyuma na kwenda uani kuvuta sigara. Nguo moja, sigara moja. Ndani hakuvuta kamwe, maana vitambaa vinanasa harufu na wateja wana pua. Alivuta peke yake karibu na kamba ya kuanikia, halafu akarudi anakohoa na kuanza nguo nyingine.

Kisha ikaja ile asubuhi. Sipendi kuikumbuka, lakini nitaisema. Ilikuwa likizo, nami nilikuwa dukani tangu mapema. Baba alikuwa anapiga pasi suruali ya mtu. Akakohoa, akakohoa tena, na pumzi ikagoma kurudi. Alishika meza kwa mikono miwili, midomo ikabadilika rangi, macho yakanitazama kama yananiomba kitu nisichokuwa nacho. Suruali ikaanza kuungua chini ya pasi. Nilipiga kelele mpaka kinyozi, jirani yetu, akaja mbio na mkasi wake mkononi. Yeye na majirani wengine walimpeleka hospitali. Daktari hakumzungusha: mapafu yamechoka, na akiendelea kuvuta, siku nyingine pumzi inaweza isirudi.

Alipotoka hospitali, baba alizivunjavunja sigara zake zote mbele ya mama na mimi. "Basi," alisema. "Nimeacha."

Mama alifurahi. Mimi niliogopa asije akazirudia.

Shule ilipofunguliwa kesho yake, nilimwambia rafiki yangu, binti wa kinyozi, ambaye mdomo wake hauna breki. Tulikuwa njiani asubuhi.

"Ameacha? Hee! Hata baba yangu mdogo aliacha," alisema. "Siku chache tu, alikuwa anagombana hata na kuku. Halafu akazirudia mbili mbili."

"Baba yangu si baba yako mdogo."

"Haya, tutaona."

Maneno yake yakaniganda kichwani. Na kweli, baba naye akabadilika. Mikono ilimtetemeka. Kopo la vifungo likianguka, alifoka kama vile nimevunja cherehani. Kikohozi kiliongezeka badala ya kupungua, na kila alipokohoa, mimi nilisimamisha sindano mpaka nimsikie anavuta pumzi. Akipita karibu yangu, nilinusa shati lake.

"We Kifungo, siku hizi umekuwa mbwa wa polisi?"

Nilicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa cha mdomoni tu. Alipogeuka nilinusa tena.

Sikusikia harufu ya moshi. Ila niliona kitu kingine cha ajabu: nguo zilikuwa hazimaliziki. Shati zuri kabisa, halina kola. Gauni lina kila kitu isipokuwa pindo. Kaptula imengoja zipu mpaka imechoka. Nami nikichukua sindano nishone kifungo cha mwisho, baba alisema haraka, "Hicho kiache. Nimesema kiache!" Kisha alivuta kitambaa kipya, akaanza kukata nguo nyingine. Misumari ya kutundikia nguo zilizo tayari ikabaki mitupu, na mezani rundo la nguo pungufu likapanda. Wateja waliambiwa kesho. Mzee mmoja aliinua koti lake lililokosa mkono mmoja akauliza, "Fundi, mimi na mtu mwenye mkono mmoja tumebadilishana nguo?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilidhani ule ugonjwa umempanda baba kichwani.

Mteja aliyekataa kuambiwa kesho alikuwa muuguzi wa zahanati, mama mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa.

"Fundi, sare yangu imebaki vifungo tu, naiona kwa macho yangu."

"Sista, kesho asubuhi."

"Hiyo kesho yako nimeila mpaka nimeshiba. Nakwenda sokoni. Nikirudi iwe tayari."

Alipoondoka, baba aliitazama ile sare muda mrefu. "Haya, shona," aliniambia kwa sauti ndogo.

Nilishona. Nilipofika kifungo cha mwisho, nikaona baba hafanyi kitu chochote. Amekaa tu, anatazama vidole vyangu. Nikafunga fundo, nikakata uzi. Papo hapo baba akasimama, uso umelowa jasho, akafungua mlango wa nyuma na kutoka bila neno.

Ndipo nilipoelewa. Baba hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anaogopa kumaliza nguo! Kwa miaka yote hiyo, uzi ukikatwa, mwili wake ulipewa sigara. Sasa uzi ukikatwa, mwili unadai. Kwa hiyo alikuwa anaukimbia mwisho wa kila nguo.

Nilimfuata. Alikuwa amenipa mgongo, sigara mdomoni, bado haijawashwa. Labda ilikuwa imesahaulika kwenye ufa wa ukuta, sikuuliza. Alikwaruza njiti ya kiberiti, ikavunjika. Akatoa nyingine.

"Rudi ndani," alisema bila kugeuka.

Jamani, baba akisema rudi ndani, unarudi. Nilishageuza hata mguu. Lakini nikaiona tena ile mikono ilivyoshika meza, na ile suruali inaungua.

"Baba, naogopa," nikasema. "Naogopa pumzi isirudi."

Njiti ikabaki hewani. Akageuka. Sikuwa nimewahi kuona machozi machoni pa baba kabla ya siku ile.

"Na mimi naogopa, mwanangu," alisema. "Naogopa kuvuta, na naogopa kukaa bila kuvuta. Kichwa kinaniwaka. Nikiwaza kwamba itakuwa hivi maisha yangu yote, naishiwa nguvu."

"Hodi humu! Duka halina mwenyewe?" Muuguzi alikuwa amerudi. Alitokeza kwenye mlango wa nyuma na kikapu chake, akaitazama sigara, akanitazama mimi. Nilidhani atafoka. Aliweka kikapu chini taratibu.

"Umeacha lini, fundi?"

"Juma hili."

"Basi uko kwenye siku mbaya kuliko zote. Nisikilize. Hiyo hamu inapanda, inafika juu, halafu inashuka. Ni dakika chache, hata usipovuta. Maisha yako yote yaache kwanza, wewe zipitishe dakika hizi tu. Kifungo, lete maji. Na sindano na uzi."

Nilikimbia. Baba aliitoa sigara mdomoni, akanywa maji funda kwa funda, kisha akairudisha mdomoni bila kuiwasha. Muuguzi akampa sindano. "Tunga uzi."

Uzi ukapita kushoto, ukapita kulia.

"Huyu ndiye fundi tunayemsifu mtaa mzima?" muuguzi akamtania. "Hata bibi yangu angetunga, tena bila miwani!"

Baba akacheka, na alipocheka sigara ikamponyoka mdomoni, ikaanguka kwenye dimbwi la maji ya kufulia. Sote tuliitazama ikilowa. Baba hakuinama kuiokota. Alilamba ncha ya uzi, akajaribu tena na tena mpaka uzi ukapita.

"Hamu iko wapi sasa?" muuguzi aliuliza.

Baba alifunga fundo kwenye uzi. "Ipo. Lakini imekaa chini."

"Itasimama tena. Ikisimama usibaki peke yako. Na uje zahanati, tuna dawa na ushauri wa kukusaidia."

Siku ile ile tulikokota meza ya kupigia pasi, tukaziba mlango wa nyuma. Tukakubaliana: nguo ikikamilika, baba anasema kwa sauti, "Nimekata uzi!" Aliye karibu anaacha shughuli zake. Tunatoka kwa mlango wa mbele, baba anakunywa maji, tunatembea hadi kona na kurudi tukipiga soga. Nikiwa shule, kinyozi anatoka naye. Haikuwa rahisi. Siku nyingine tulizunguka kona ile mpaka muuza mkaa akauliza tumepoteza nini. Bado baba alifoka mara moja moja, lakini sasa aliomba radhi. Rundo likapungua. Hofu yangu nayo ilipungua, polepole sana.

Baada ya majuma kadhaa, muuguzi alikuja kuchukua sare ya pili. Duka lilikuwa limejaa wateja, wengine wageni kabisa. Baba alikata uzi, na nikaona jasho linamtoka. Macho yake yakaenda kwenye mlango wa nyuma. Nikawaza: mbele ya watu wote hawa, si ataona haya?

"Nimekata uzi!" baba akasema kwa sauti kubwa.

Watu wakatazamana. Kijana mmoja akacheka.

"Unacheka nini?" muuguzi alimwuliza. "Huyu anaacha sigara, na anaomba kusindikizwa. Kifungo, sikia na wewe. Sigara usiionje hata kidogo, maana umeona kazi ya kuiacha. Na siku jambo lolote likikutisha, mtu asikutie haya. Sema naogopa, tena useme mapema, wakati watu wako karibu. Baba yako angenyamaza, leo tungekuwa tunasema mengine."

Baba alikuwa ameshafika mlangoni. "Kifungo, unakuja au nimwite kinyozi?"

Nikatupa sindano mezani, nikamkimbilia. Tulitembea bega kwa bega, ananisimulia habari za yule mzee wa koti. Tulipofika kona ndipo nilipokumbuka kwamba tangu asubuhi sikuwa nimenusa shati lake.